Tende Ishirini na Nne

SEHEMU YA KWANZA

Kariakoo inajua kwamba Mzee Salehe hafungi duka kabla ya adhana ya magharibi. Jumamosi ile alifunga saa sita mchana, akamkabidhi mlinzi funguo, akapanda bajaji. Kufika saa saba Mtaa wa Congo ulishamaliza habari yake: Mzee kaanguka, presha, kakimbizwa Muhimbili. Mteja mmoja wa jumla kutoka Songea alipiga simu kuuliza deni lake la vitenge sasa atamlipa nani.

Mzee hakuwa ameanguka. Alikuwa sebuleni kwake Magomeni Mapipa, kavaa kanzu ya Ijumaa siku isiyo ya Ijumaa, anawasubiri watu watatu ambao mwanawe Abdul alishawabatiza jina la "wezi wa tai" kabla hata hajawaona.

"Baba, mtu mzima na afya yake haandiki wosia," Abdul alikuwa akisema kwa mara ya kumi. "Ni uchuro huo. Unajiitia."

"Kondo hakuandika. Kwani hakufa?"

Abdul akanyamaza. Habari ya marehemu Kondo kila mtu pale sebuleni aliijua. Alikuwa jirani yao wa duka, mtu wa mitumba, mwenye godauni lililojaa marobota mpaka kwenye dari. Siku ya arobaini haijafika, mke mkubwa alishafungua mirathi mahakama moja na wadogo wa marehemu wakafungua nyingine mahakama nyingine. Godauni likapigwa kufuli kungojea uamuzi. Uamuzi ulipotoka, panya walikuwa wamesharithi fungu lao.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo Mzee hakulisema kwa sauti. Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi lilipoporomoka lile ghorofa la Kariakoo, yeye alikuwa ametoka kunywa chai. Alisimama na kikombe mkononi akitazama vumbi linapanda, na katikati ya kuwaombea waliofukiwa, wazo moja lilimpita akaliona haya: mali yake yote ya msimu ilikuwa imelala chini ya paa moja, mtaa mmoja tu kutoka pale.

Aliyewatafuta wale wageni ni Zuhura, binti yake mkubwa, mhasibu wa shule binafsi kule Tabata. Hakuwauliza kwanza watampa faida kiasi gani. Aliwaomba leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, akaipiga picha, akaihakiki. Watu wamelizwa sana mjini hapa na washauri wa kwenye simu wanaoahidi fedha kuzaa ndani ya mwezi. Aliyekasirika kuombwa leseni, Zuhura alikata simu.

Wakaingia. Wa tai alikuwa mmoja tu, naye ni Joel, mtu wa kodi. Mkuu wao alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Neema, mshauri wa uwekezaji. Wa tatu ni Wakili Kombo, Mpemba mwenye ndevu za mvi, ambaye alivua viatu mlangoni na kumsalimia kila mtu kwa zamu kabla hajakaa.

"Shikamoo, mzee," Neema alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa karibu, sikio la kushoto halifanyi kazi."

Walikuwepo Bi Hadija, mama yao Zuhura, Abdul na Nassoro. Bi Rehema, mke mdogo kutoka Mbagala, na binti zake wawili, Mwanaidi na Salma. Nassoro alikuwa Muscat, uso wake umesimamishwa kwenye simu iliyoegemezwa chupa ya chai.

Neema alianza na ada. Waliandika kiasi, wakaandika kazi itakayofanyika, basi. "Hatuchukui kamisheni kwa yeyote tutakayekupeleka kwake. Na fedha zako hazipiti kwetu. Ukiweka kwenye mfuko, zinakwenda akaunti ya mfuko kwa jina lako, na stakabadhi inakuja kwako." Abdul, aliyekuwa ameandaa hotuba ya cha juu, akakosa pa kuianzia.

Zuhura akagawa orodha ya mali aliyoichapa. Neema akazichukua nakala zote, akaandika namba kwenye kila moja juu kulia na kuizungushia duara: moja ya Mzee, mbili ya Zuhura, tatu ya Abdul, nne ya Bi Hadija, tano ya Bi Rehema. "Haya si makaratasi ya kufungia maandazi," alisema. "Yasitoke nje ya familia." Bi Hadija, ambaye msahafu anausoma kama maji lakini herufi za Kizungu humchosha, aliikunja yake mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kisha Mzee akafungua sanduku. Lilikuwa sanduku la bati la bweni, jina la Zuhura bado limeandikwa kwa rangi nyeupe kifunikoni. Ndani: hati ya kiwanja cha Kariakoo, ofa ya Mbagala iliyochanika kwenye mkunjo, karatasi ya mauziano ya shamba la Mkuranga iliyogongwa muhuri na serikali ya kijiji, kadi ya Fuso, madaftari ya madeni ya wateja yaliyofungwa mpira. Chini kabisa, stakabadhi ya hisa 2,000 za NMB, alizonunua mwaka 2008 hisa za benki ile zilipouzwa kwa wananchi, shilingi 600 kila moja.

"Hizi nilinunua kwa sababu meneja wa tawi alinisumbua," Mzee alisema.

"Gawio lake umekuwa ukilichukua?"

"Gawio gani?"

Neema na Joel wakatazamana. Joel akaandika kitu, akakipigia mstari mara mbili.

Walipomaliza kuhesabu, Neema aliweka kalamu chini. "Mzee, wewe ni tajiri. Lakini Mungu apishe mbali, ukiugua usiku wa leo na hospitali ikataka milioni thelathini, kabla ya Jumatatu utauza nini?"

Hakuna aliyejibu. Fuso haliuzwi kwa siku moja, shamba ndiyo kabisa. Vitenge viko dukani, fedha za vitenge ziko Songea na Tunduru kwenye ahadi za watu.

Akaeleza njia. Hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu zinaanzia shilingi milioni moja. Ile ya miaka 25 iliyotolewa 2022 inalipa asilimia 12.56 kwa mwaka, mara mbili kwa mwaka—

"Riba hiyo," Mzee alisema.

"Ndiyo maana sijamaliza, mzee." Hakuonyesha kushtuka, inaonekana alishaipata sebule kama hii. Akaeleza sukuk, ambazo Serikali ya Zanzibar nayo ilianza kuzitoa mwaka ule wa 2025, na Wakili Kombo akadakia kufafanua kwamba mwenye sukuk ana fungu katika kitu kinachozalisha, anagawiwa mapato yake, hakukopesha fedha ili izae. Mzee aliuliza maswali ya mfanyabiashara: kikipata hasara je? Nikitaka kutoka katikati, nani atanunua? Kwa nusu saa nzima kanzu ya Ijumaa ilisahaulika na Kariakoo ikarudi usoni mwake. Zuhura alimtazama akafurahi, na pengine hiyo ndiyo furaha ya mwisho tutakayoiona katika mkasa huu kwa muda.

Maana ikaja zamu ya wakili.

"Mtu akifa," Wakili Kombo alianza, "yanatoka kwanza mazishi. Halafu madeni. Halafu wosia, nao hauvuki theluthi, na humwandikii mrithi ila wenzake waridhie. Kinachobaki ndicho cha warithi."

Bi Hadija hakuwa amesema neno tangu wageni waingie. "Madeni," alisema sasa, taratibu, huku macho yake yapo kwenye pindo la kanga. "Na lile lisiloandikwa popote?"

"Likithibitika, bibi, nalo ni deni."

Tasbihi ya Mzee Salehe ilisimama kati ya punje mbili.

Wakili akaomba sinia la tende. Akahesabu ishirini na nne, akazipanga kwa safu. "Tuseme hii ndiyo mali yote, tumeshalipa tunachodaiwa. Mzee ana watoto, kwa hiyo wake zake wanapata thumuni. Thumuni ya ishirini na nne ni tatu." Akazisogeza tatu pembeni. "Zimebaki ishirini na moja. Vijana wawili, mabinti watatu, mwanamume mafungu mawili. Kila binti tatu. Kila kijana sita." Vidole vyake vilikwenda haraka, mafungu yakakaa sawa, hata Nassoro kule Muscat akasogeza uso kwenye kioo.

Zikabaki zile tatu za wake.

"Hapa sasa kuna wake wawili," Wakili Kombo alisema, akichukua kisu cha matunda. "Moja kwa Bi Hadija, moja kwa Bi Rehema, na hii ya tatu tunaikata katikati."

"Usiikate," Mzee Salehe alisema.

Kisu kikabaki hewani.

"Ziache hivyo hivyo, moja moja." Sauti ilimkauka, akameza mate. "Ya tatu ina mwenyewe."

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Mzee Salehe, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, amewaita washauri wampangie mali ya familia. Wakili anapotaka kuikata tende ya tatu kati ya wake wawili, Mzee anamzuia: ina mwenyewe. Songa nayo.

Aliyeinuka kwanza ni Bi Rehema. Alijifunga mtandio, akawashika mabinti zake mikono, na mlangoni akageuka. "Miaka ishirini na sita," alisema, "nikiitwa mke wa pili." Hakuongeza.

Alianza Mzee kueleza wakati hakuna tena aliyekuwa na adabu ya kusikiliza. Aliitwa Somoe, wa Kilwa Kivinje. Alimwoa mwaka 1975, yeye ana miaka ishirini na moja, kisha akaja Dar kutafuta maisha na ahadi ya kumfuata mkewe mambo yakikaa sawa. Mambo yalikaa sawa akiwa ameshamwoa Hadija. Halafu yakaharibika: mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, vitenge vyake vikachukuliwa na yeye akalala ndani. Alipotoka hakuwa na hata nauli ya basi la mjini. Somoe alipata habari, akauza minazi yake, ile aliyorithi kwa baba yake, akapanda lori mpaka Dar na fedha zimefungwa kiunoni. Mwaka uliofuata serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, biashara ikafunguka, na aliyekuwa na mtaji siku zile alitoka.

"Ulimwacha?" Zuhura aliuliza.

"Sikumwacha. Talaka sikuandika."

"Na matumizi?"

Mzee alitazama tende. "Mara ya mwisho kufika Kilwa ilikuwa 1991."

Wakili Kombo, ambaye kazi yake ni kuuliza yasiyoulizika, aliuliza kama kuna mtoto.

"Nilipoondoka hakuwa na mtoto," Mzee alijibu. Wakili aliandika jibu hilo neno kwa neno, jinsi lilivyosemwa.

Siku kumi baadaye walikutana tena, safari hii ofisini kwa washauri, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Samora, jengo ambalo lifti yake huonekana kuwekwa kwa ajili ya mapambo. Mzee alipumzika mara mbili njiani. Abdul alikuwepo, Zuhura alikuwepo, Nassoro alikuwepo ndani ya simu. Bi Rehema alituma salamu tu. Bi Hadija alisema atachelewa kidogo, ana shughuli.

Neema hakuligusa suala la mke. Alikuja na mpango, na ulikuwa mpango mzuri, wa kumfanya mtu alale. Kiwanja cha Kariakoo kisigawanywe vipande kwa watoto. Kihamishiwe kampuni ya familia itakayosajiliwa BRELA, na Mzee awape watoto na wakeze hisa kama hiba angali hai, kwa ridhaa ya wote, kodi ya pango iwe inagawiwa kila robo mwaka. Joel alikohoa kuwakumbusha kwamba kuhamisha kuna ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji, na hesabu yake iwekwe mezani mapema. Nusu ya fedha za msimu ziende kwenye sukuk. Ile stakabadhi ya NMB imefuatiliwa, gawio lililolala litalipwa. Mzee atunze akiba ya matibabu isiyoguswa na mtu, hata yeye.

"Lakini kabla ya yote tulifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati," Neema alisema. "Kuna mambo mawili. Moja, hati hii ilitolewa 1993 kwa miaka 33."

Zuhura alipiga hesabu upesi. "Mwakani."

"Mwakani. Tunatakiwa kuomba kuongezewa muda kabla haujaisha. Hili linatengenezeka." Akamsogezea Wakili Kombo karatasi ya pili. "Hili sijui."

Wakili alivaa miwani. "Kuna zuio limesajiliwa juu ya kiwanja. Mwombaji anadai ana maslahi ndani yake, kwamba fedha za kukinunulia zilikuwa zake. Somoe binti..." Hakumaliza jina. "Zuio likishakaa, hakuna kuuza, hakuna kuhamisha, hakuna kuweka rehani, mpaka liondolewe au mahakama iseme."

"Haiwezekani!" Abdul alikuwa wima, kiti chake kimeanguka nyuma. "Wale watu wanaanza kubomoa mwezi ujao!"

Ofisi ikawa kimya kiasi cha kusikia honi za daladala kule chini.

"Watu gani?" Mzee Salehe aliuliza, akigeuza sikio la kulia.

Abdul alimtazama dada yake, akatazama simu, lakini Nassoro alikuwa ameinamisha kichwa. Ikatoka kidogokidogo, kama jino bovu. Kuna mwekezaji. Ghorofa saba, maduka chini, stoo juu, mwenye kiwanja anapata fremu zake na mjenzi anakula pango miaka kumi na tano. Mkataba ulisainiwa tangu Rajabu. Advansi milioni arobaini ilishapokelewa, na ilishatumika.

"Umesaini kwa jina la nani?" Wakili Kombo aliuliza.

"La baba."

Mzee hakupiga kelele. Alimtazama Abdul kwa muda mrefu, jinsi anavyomtazama mteja aliyemletea noti asiyoiamini, kisha akamwambia aokote kiti. Hilo la kiti ndilo lililomliza Abdul.

Zuhura alikuwa amebaki kwenye karatasi. Mhasibu ni mhasibu. Nyumba ikiungua yeye atatafuta tarehe. "Zuio limewekwa Jumanne," alisema. "Sisi tulikutana Jumamosi. Mtu yuko Kilwa, hajaja mjini miaka yote hii, halafu ndani ya siku tatu anajua namba ya kiwanja, kitalu, na kwamba tunataka kuhamisha. Nani kamwambia?"

"Rehema," Abdul alisema kwa haraka. "Kaondoka na hasira."

"Ameambatanisha nini?"

Neema alisita. Kisha akafungua kurasa za nyuma. Kulikuwa na karatasi ya kuuzia minazi, mwandiko wa Kiarabu, dole gumba la wino uliofifia. Nyuma yake, nakala ya orodha ya mali, ile ile ya Zuhura, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeacha msalaba kwenye fotokopi. Juu kulia, ndani ya duara, namba iliyoandikwa kwa mkono.

Haikuwa tano.

Mlango ulifunguliwa bila kugongwa. Bi Hadija aliingia anahema, mkono kwenye kiuno, buibui lina vumbi la safari.

"Ngazi zenu hizi," alisema, "zitaua mtu."

"Mama," Zuhura alisema, "karatasi yako iko wapi?"

Bi Hadija alivuta kiti, akakaa, akapangusa jasho. "Niliipeleka Kilwa. Jumapili, basi la alfajiri. Posta ningeipata wapi siku hiyo?"

"Umetuuza, mama!"

"Abdul, wewe nyamaza, wewe nitakufikia." Akamgeukia mumewe. "Kila Ramadhani ulisema mwaka huu utakwenda kumwona mwenzangu. Nimekula minazi yake, nimesomesha watoto kwa minazi yake, nyumba ninayolala ina minazi yake. Nikafa nayo, Salehe? Umewaita watu na madaftari waje wapange mali, na yeye hayumo hata kwenye ukurasa."

Mzee alifungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Wakili," Bi Hadija alisema. "Ulisema mtoto wa kiume mafungu mawili?"

"Ndiyo, bibi."

"Hata kama baba hakuwahi kumwona?"

Wakili Kombo alivua miwani polepole. "Akiwa wa ndoa, hata hivyo."

"Basi waachieni mlango wazi. Mwenzangu miguu inamsumbua, wako ghorofa ya pili wanapumzika. Na huyo kijana aliyemshika mkono, Salehe, jiandae, maana mimi mwenyewe nilipomwona stendi nilimwita kwa jina lako."

Mzee Salehe alisimama. Nje, kwenye korido, kulisikika mkongojo, na sauti ya mwanamume ikisema: "Taratibu, mama. Tumefika."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO